Unalea watoto wa jirani kwa malipo? Andika haya kabla shida haijabisha hodi

Ukitafuta kwenye intaneti sera za kuendesha kituo cha kulea watoto nyumbani, utaletewa mafaili ya kurasa 40 yaliyoandikwa Uingereza na Marekani. Kuna sera ya mafuta ya kujikinga na jua, sera ya paka na mbwa, hata sera ya siku za theluji. Sisi wa Nyeri theluji tunaiona kule juu ya Mlima asubuhi wingu likikosekana, lakini haijawahi kutufungia barabara ya Gakindu. Kinachotusumbua huku ni matope ya Aprili, na hao walioandika kurasa 40 hawakuyafikiria.

Ndiyo maana akina mama wengi wanaolea watoto huishia kwenye mojawapo ya njia mbili. Wengine hunakili zile kurasa, wakazichapisha kwa saiba na kuzitundika ukutani, zisisomwe na mtu. Wengine, na hawa ndio wengi, hawaandiki chochote. Maoni yangu ni kwamba njia hii ya pili ndiyo inayogharimu zaidi, ingawa inaonekana ya bure.

Sababu yao naielewa. Kituo cha Gakindu, kile watu wanaita tu daycare, kwa kawaida ni sebule ya mtu. Kuna mkeka, magodoro mawili matatu, sufuria ya uji na watoto watano au sita. Wazazi ni mwalimu aliyemaliza likizo yake ya uzazi, mama wa duka la nguo, kijana anayechuma kahawa kwa kibarua. Mnasali kanisa moja, mko chama kimoja. Sasa utaanzaje kumwandikia sheria mke wa binamu yako? Atasema umeanza maringo.

Mimi nasema huyo mke wa binamu ndiye wa kwanza kuandikiwa. Mteja usiyemjua mkikosana mnaachana, basi. Huyu mtakutana Jumapili, mtakutana kwenye matanga, mtakutana kwenye ruracio ya mtoto wa shangazi. Deni la Sh1,500 ambalo halikuandikwa linaweza kukaa katikati yenu miaka mitano.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndipo ugomvi huanzia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi nusu ya daftari tunaandikiwa na simu: meseji ya M-Pesa inakupa jina, kiasi, tarehe na saa. Lakini haikuambii pesa hizo ni za nini. Ni za wiki iliyopita au ijayo? Ni za mtoto mmoja au wawili? Zinajumuisha maziwa? Hiyo nusu nyingine ndiyo sera yako ya malipo, na hakuna mtandao wa simu utakaokuandikia.

Usiianze kwa kuuliza vituo vya Nairobi vinatoza namna gani. Anza kwa kuuliza wazazi wako wanapata pesa lini. Mwalimu na nesi hulipwa mwisho wa mwezi. Mfugaji anayepeleka maziwa kwa Wakulima Dairy naye husubiri malipo ya mwezi. Mchumaji wa kahawa hupata pesa kwa alichochuma, na msimu mkubwa ni kama Oktoba hadi Desemba. Ukimwambia huyu alipe mwezi mzima mbele, atakubali kwa mdomo halafu akuzungushe. Afadhali uandike viwango viwili, cha siku na cha mwezi, kila mzazi achague kimoja na atie sahihi. Anayelipa kwa siku alipe asubuhi akimwacha mtoto, si jioni akiwa amechoka na mfuko mtupu.

Kisha andika mambo yale ambayo watu huona haya kuyataja. Mtoto asipokuja siku tatu kwa sababu ya homa, siku hizo zinalipwa? Sikukuu je? Kuchelewa kumchukua ni shilingi ngapi kwa kila nusu saa? Msimu wa kahawa mzazi anaweza kukaa foleni ya kupima kiwandani mpaka giza liingie, na hiyo si dharau, ni kazi. Lakini wewe pia una watoto wako wa kulisha. Tuseme ni Sh50 kwa nusu saa baada ya saa kumi na mbili jioni. Ikiwa imeandikwa, ni bei. Ukiitaja mlangoni ukiwa na hasira, itaonekana matusi.

Halafu kuna suala la laini ya simu. Ukipokea karo za watoto kwenye laini yako ya kawaida na una deni la Fuliza, pesa zinapoingia deni linakatwa papo hapo. Mzazi ametuma pesa za unga wa uji, na wewe umelipa mkopo wa juzi bila kupenda. Tenganisha. Pochi la Biashara au nambari ya till inatosha kwa kituo kidogo. Ukiwa na watoto wengi, Paybill ina faida moja kubwa: mlipaji huweka nambari ya akaunti, na unaweza kuamua akaunti ni jina la mtoto. Hiyo inasaidia sana wakati anayelipa ni shosho aliye Karatina au mjomba aliye Qatar, ambaye jina lake halifanani hata kidogo na la mtoto.

Na hii iwe sentensi ya kwanza kabisa ya sera ya malipo: malipo yamepokelewa pale meseji inapoingia kwenye simu ya kituo. Usikubali kuonyeshwa simu ya mzazi, wala picha ya meseji uliyotumiwa WhatsApp. Wanaotengeneza meseji bandia wapo, na hawana huruma na mama wa kituo. Ukiwa na shaka, angalia salio lako mwenyewe.

Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto?

Kama una nguvu ya kuandika sera moja tu mwaka huu, acha hata ile ya pesa. Andika hii.

Fikiria saa kumi na moja jioni. Mwanamume anafika mlangoni, unamjua, ni baba ya mtoto. Yeye na mama wameachana tangu Pasaka na mama ndiye anayelipa. Anasema ametumwa. Au anakuja mwendesha boda, kijana mzuri tu wa stejini, anasema mama amekwama Mukurwe-ini mjini na amemlipa alete mtoto. Au ni baba huyohuyo asiye na ugomvi na mtu, isipokuwa leo amelewa na amekuja na pikipiki.

Ukiamua wakati huo, utaamua kwa uoga au kwa aibu. Ukikataa umemkosea jirani, ukikubali na mambo yaharibike, wewe ndiye utakayeulizwa. Karatasi iliyotiwa sahihi Januari inakutoa hapo. Inasema: mtoto atachukuliwa na watu hawa watatu tu, majina na nambari zao ni hizi. Mtu mwingine yeyote, kituo kitampigia mzazi kwa nambari iliyo kwenye fomu; hatutategemea simu iliyopigwa kutoka nambari ngeni. Anayefika akiwa amelewa hatapewa mtoto, tutampigia wa pili kwenye orodha. Ukishakuwa na hayo, unaweza kumwambia kwa upole, "Baba Njeri, si mimi, ni fomu mliyoweka sahihi." Anaweza kukasirikia fomu.

Wazazi waliotengana ni jambo zito zaidi. Si kazi yako kuamua nani ana haki. Mwombe mzazi aliyemwandikisha mtoto akuletee nakala ya agizo la mahakama kama lipo, na uandike kwamba kukitokea mvutano utamwita afisa wa watoto wa kaunti ndogo au chifu. Nambari 116 ya msaada wa watoto haitozi pesa. Iandike kwa kalamu nene karibu na mlango, pamoja na ya Hospitali ya Mukurwe-ini.

Ugonjwa, dawa na jiko la makaa

Hapa sera iwe fupi na kali. Mtoto mwenye homa, anayetapika au kuhara anabaki nyumbani. Akiugua akiwa kwako, unampigia mzazi, na sera inasema baada ya dakika ngapi bila jibu unampeleka hospitali, nani analipa boda na nani analipa dawa. Kwenye fomu ya kumsajili omba nakala ya kurasa za chanjo kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wengi husahau. Omba pia namba ya SHA ambayo mtoto ameandikishwa chini yake, maana tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena na hutaki kuanza kuitafuta ukiwa dirishani na mtoto anayeungua.

Dawa: hakuna inayotolewa bila maandishi ya mzazi yenye jina la dawa, kipimo na saa. Nalisema hili kwa sababu sote tumesikia habari za vituo ambapo watoto hupewa dawa ya mafua ili walale mchana. Mzazi anayekuuliza kuhusu hilo hakutukani. Mwonyeshe ukurasa.

Na jiko. Julai huku kuna baridi ya kuuma, na kishawishi cha kuingiza jiko la makaa kwenye chumba cha watoto waliolala, ukafunga dirisha, ni kikubwa. Hewa ya makaa huua bila harufu. Andika kwamba jiko haliingii chumba cha kulala, na mwambie mzazi alete sweta na blanketi ya ziada kuanzia Juni.

Adhabu haihitaji aya ndefu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama, na Sheria ya Watoto ya 2022 imekazia hapohapo. Hakuna kupiga, hakuna kufungia chumbani, hakuna kunyima chakula. Hata mzazi akikwambia "huyu mpige tu, ni mjeuri", jibu lako limeandikwa tayari.

Picha nitazisemea kwa sababu nimesomea masoko, na najua hakuna tangazo linalouza kituo kama mtoto anayecheka akiwa na uji mdomoni. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi. Mwaka wa 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni na Kamishna wa Data kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa hiyo. Weka visanduku viwili kwenye fomu: picha kumtumia mzazi, ndiyo au hapana, picha kwenye Facebook na status ya WhatsApp, ndiyo au hapana. Asiyejibu amesema hapana.

Zilizobaki, kama saa za kufungua, chakula na idadi ya mwisho ya watoto, zinatosha sentensi moja moja. Idadi ndiyo ngumu kushika mtu anapokuja akilia umwongezee mmoja tu, na hasa ukiwa na wachanga. Ishike.

Yote haya yaingie karatasi moja, mbele na nyuma, kwa Kiswahili au Gĩkũyũ ambacho mzazi anasoma bila kusaidiwa. Kama shosho ndiye anayeleta mtoto na macho yamechoka, msomee, au mtumie sauti kwa WhatsApp na utunze hiyo sauti. Nakala mbili, sahihi mbili. Vibali vya kaunti na cheti cha afya cha anayepika, kinachofanywa upya kila miezi 6, weka kwenye faili lilelile.

Ukipandisha bei, toa notisi ya mwezi mmoja, na si Desemba katikati. Na ukibadilisha nambari ya malipo, andika kwenye sera kwamba utawaambia wazazi ana kwa ana, wakija kuwachukua watoto. Mzazi akipata meseji jioni inayosema "kituo kimebadilisha till, tuma kwa hii", ajue kwamba haijatoka kwako.