Fundi Asiyetajwa

Limekuwa jambo la kawaida, kila yanapozungumzwa mashairi barazani, kusikia kwamba muziki wa kizazi kipya umeliua shairi la Kiswahili, na kwamba muuaji mkuu ni yule akaaye nyuma ya mitambo, ambaye vijana humwita prodyuza. Husemwa kwamba huyo si mshairi wala mwanamuziki, bali ni mbonyeza vitufe. Kauli hii ina sura ya hekima, lakini haina ushahidi. Na waikaririo zaidi ni wale ambao hawajapata kuusikiliza wimbo mmoja wa aina hiyo hadi mwisho wake.

Ushahidi uko mbali na pwani. Pasiansi ni kata ya Ilemela, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye njia iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza. Wengi huijua kwa chuo chake cha wanyamapori, si kwa mashairi. Hiyo ni nchi ya Kisukuma na lugha nyingine za ziwani, wala hakuna aitazamiaye kuwa shamba la tenzi. Hata hivyo, ni Mwanza hiyo hiyo iliyomtoa Fareed Kubanda, ajulikanaye kwa jina la Fid Q, aliyeiita albamu yake Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Asiyemjua mwenyewe angedhani hilo ni jina la mswada kutoka Lamu au Pemba. Mtu wa ziwani anajivunia ukwapi na utao, ilhali baadhi ya washairi wa pwani wanavitupa kwa kisingizio cha uhuru. Nani basi amuuaye nani?

Vina hivyo vina mlinzi, na mlinzi huyo ni fundi. Katika taarabu, mara nyingi mtunzi huandika kwanza, kisha mwanamuziki huyatafutia maneno mahadhi yanayoyafaa. Katika hip-hop mambo hupinduka: mara nyingi fundi hutengeneza biti kwanza, mapigo manne kwa manne, na mchanaji hutunga maneno yatakayokaa ndani yake. Silabi zikizidi, pumzi hukatika; kina kikichelewa, ngoma humpita. Mizani hupimwa kabla ya neno la kwanza kuandikwa, na apimaye si mwenye sauti. Iwapo mstari umesimama sawa, fundi ana fungu lake la sifa. Ukipinda, ana fungu lake la lawama.

Anayetaka kuijua thamani ya kazi hiyo na atazame ilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir alipochana kwa Kiswahili juu ya mapigo ya Ice Ice Baby, wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice, maneno yalikuwa ya nyumbani lakini mizani ilikuwa ya kuazima. Kuirudisha mizani nyumbani kulihitaji watu wa mitambo: Master J wa MJ Records, Miikka Mwamba aliyetoka Finland, na zaidi Paul Matthysse, P-Funk Majani, mwenye studio ya Bongo Records jijini Dar es Salaam. Sikiliza Ndio Mzee, aliyoifanya na Professor Jay. Mwanasiasa anamwaga ahadi jukwaani na umati unaitikia. Mapigo yametulia, hayamzibi msemaji kinywa, na kiitikio kinaangukia pale pale ambapo hadhira ya ngoma yoyote ya Kiafrika ingeitikia. Kejeli ile ingekufa juu ya mapigo ya fujo. Aliyeyatuliza mapigo aliijua kazi ya maneno.

Lawama ya haki ipo, nayo ni nyingine kabisa. Mafanikio ya studio chache za Dar es Salaam yaliufanya mji mmoja kuwa kizingiti cha nchi nzima. Kijana wa Pasiansi mwenye daftari lililojaa mistari aliambiwa kwamba bila kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hatasikika. Na aliyefika alikuta mkono mmoja uliosifiwa umekwisha kuwa kalibu, kila mmoja akitaka biti ya jana. Ndiyo maana studio kama Tetemesha Records ya Kid Bwoy, iliyosimama Mwanza kwenyewe, ina uzito kuliko idadi ya nyimbo zake. Wanaolilia shairi wangelia hapa: lahaja za miji zinapopitia mlango mmoja, zote hutokea zimevaa kanzu moja.

Na pwani ndiyo isiyo na udhuru wa kutojua. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti katika santuri, hakwenda peke yake. Jina lake linajulikana hata kwa watoto wa shule, na ni haki yake. Lakini ni wangapi wawezao kuwataja Subeti bin Ambari na Mbaruku Talsamu, waliopiga ala chini ya sauti ile? Dhuluma iliyofanywa kwa kusahau inarudiwa sasa kwa dharau, nayo ni mbaya zaidi.

Bara ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. Sheria yaweza kumlipa fundi anayejulikana. Haiwezi kumlipa ambaye wasikilizaji, watangazaji na wahakiki hawajali kumtaja. Kazi hiyo ya kutaja ni ya wapenzi wa mashairi, kwa kuwa wao ndio wadaio kuijua mizani. Wakiusikia mstari uliosimama sawa, kutoka Pasiansi au kutoka Ng'ambo, na waulize kwanza nani aliyeupimia uwanja. Wakishindwa kuuliza hivyo, basi wakome kulia kwamba shairi limekufa. Limehama tu, na wao hawakuwa macho.