Kipande Kidogo Hakisemi Yote

Mpishi huonja kijiko kimoja cha uji akajua ladha ya chungu kizima. Wengi wadhani hata chuma hupimwa hivyo. Mimi siafiki, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu.

Nimeona mafundi wengine hapa Bariadi wakitaka kujua kama chuma ni kizuri. Hukata ukanda mwembamba, wakaukunja kwa nyundo. Usipovunjika, husema chuma ni imara, kisha hutia pande nene la chuma hicho katika ekseli ya tela la kubebea pamba.

Ukanda mwembamba una nafasi ya kunywea ubavuni na kuvutika kabla ya kukatika. Katika pande nene, chuma cha ndani kimebanwa na chuma kinachokizunguka. Ufa ukianza, hakipati nafasi ya kuvutika, nacho chaweza kukatika ghafula bila kuonya. Tena pande kubwa lina nafasi zaidi ya kuficha dosari.

Wataalamu wanalijua jambo hili. Mfaransa Georges Charpy alieleza kipimo cha nyundo ya kubembea mwaka 1901. Leo kipande cha kawaida cha kipimo hicho kina milimita 10 kwa 10, urefu milimita 55, na mkato wa kina cha milimita 2. Bamba likiwa jembamba, hukatwa kipande cha unene wa milimita 5 au hata 2.5. Si vibaya, mradi ukubwa uandikwe, kwa maana matokeo yake hayalinganishwi moja kwa moja na ya kipande kamili.

Wengine watasema hayo ni mambo ya nchi za baridi, kama Marekani, ambako meli Schenectady ilikatika Januari 1943 ikiwa imefungwa gatini, maji yakiwa shwari. Kweli, baridi huzidisha hatari. Lakini unene na mapigo tunavyo hapa pia. Reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, iliyoanza kujengwa mwaka 2021, imepitishwa Malampaka mkoani kwetu, na watakaoipanda ni sisi na wazazi wetu.

Basi, yafaa walimu watufundishe, na wazazi wanunuapo chuma wakumbuke, kuuliza swali hili: kipande kilichopimwa kilikuwa na ukubwa gani? Kuuliza si ujinga.