Hodi Kuitikiwa Hakutoshi

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliotutangulia shuleni hapa, siku hizi wengi wetu twaandika programu za kukagua kama huduma za mtandao zaenda. Kazi hiyo ni njema, lakini naona twaifanya nusu nusu. Maoni yangu ni haya: programu ya kukagua isiridhike kuona kwamba huduma ipo, sharti iiombe huduma hiyo kazi yake, kisha ilipime jibu.

Wako wanaotegemea ping, programu ndogo iliyoandikwa na Mike Muuss huko Marekani mwezi wa Desemba, 1983. Ping hupeleka ujumbe mfupi, ikangoja mwangwi. Mwangwi ukirudi, twajua kwamba kompyuta ile yafikika. Kama huduma iliyomo yafanya kazi, hatujui bado. Tena ziko seva zilizokatazwa kujibu ping, na huduma zake ni nzima kabisa.

Wengine hubisha mlango wa huduma yenyewe: tovuti hungoja kwenye mlango nambari 80 au 443, na seva ya barua pepe nambari 25. Hapo ni afadhali. Mlango ukikataa papo hapo, mara nyingi hakuna programu inayosikiliza. Ukikaa kimya, huenda njia imezibwa au kompyuta imezimika. Lakini hata mlango ukifunguka twaweza kudanganyika, kwa sababu anayeitikia hodi ni mfumo endeshi wa kompyuta. Programu ya huduma yaweza kuwa imekwama, na hodi ikaitikiwa vile vile.

Basi yafaa tuulize swali. Ikiwa ni tovuti, tuombe ukurasa mmoja, tutazame kama jibu ni 200, yaani mambo ni mema, au 503, yaani huduma haipatikani. Na kama maneno tuyatarajiayo yamo. Tuweke mpaka wa kungoja, kama sekunde 5, ili programu yetu nayo isikwame. Tena tujaribu mara 3 kabla ya kupiga kelele, maana mtandao hukatika na kurudi.

Mtu atasema haya ni mambo madogo. Lakini siku ya kutangazwa matokeo ya mtihani, mzazi aliye mbali hanufaiki kwa kuambiwa kwamba seva i macho. Ataka kuyaona matokeo ya mwanawe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hatuwezi kuziba ufa tusiouona.