Waliotolewa Viwandani kwa Ajili ya Mitumba

Bwana Mhariri,

Niruhusu nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya mafundi wa viwanda vya nguo, ambao, tangu milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katika miaka ya 1980 na mitumba ikamiminika bandarini, walitolewa kazini mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, pasi na mtu kuwauliza watakula nini.

Mimi ni mmoja wao. Katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam nilitumikia mtambo wa kufumia miaka 14, hata nikawa naujua uzi wa mtande unaotaka kukatika kwa kuusikiliza tu. Nilipoagwa nilipewa kiinua mgongo kisichofika Ramadhani, na leo, ajabu ya dunia, riziki yangu ni kufungua marobota ya mitumba hiyo hiyo sokoni.

Marekani, ambayo siisifu kwa kila jambo, ilipitisha sheria mwaka 1962, zama za Rais Kennedy, kwamba mfanyakazi aliyeponzwa na bidhaa za nje apewe posho na mafunzo ya kazi nyingine. Masharti yake yalikuwa mazito, hata miaka ya mwanzo hakufaidika mtu, na tangu Julai 2022 hawakubaliwi wapya. Walakini dola ilikiri deni lake.

Kwetu forodha hutoza ushuru wa marobota. Je, fungu la ushuru huo haliwezi kutengwa kwa ajili ya wafumaji, au walau wana wao, wakasomeshwa ufundi?

Wako mtiifu,
Mfumaji wa Zamani,
Ilala, Dar es Salaam