Maombi hufungua mkutano, daftari hulinda pesa

Pita siku ya Jumamosi asubuhi katika mitaa ya Goma, iwe Majengo, Katoyi, Ndosho ao Mugunga, utawakuta. Viti vya plastiki kumi na tano ao ishirini vimepangwa mviringo chini ya mabati. Mmoja anaomba, wengine wanaitikia Amina, wimbo unaimbwa, kisha sanduku la chuma linawekwa katikati. Hapo mama anayeuza sambaza huko Kituku, kijana anayeuza simu Birere na fundi cherehani wa soko la Virunga wanaanza kuhesabu pesa, kupeana wateja na kuambiana bei ya mzigo. Si kanisa, na si benki. Ni kikundi cha wafanyabiashara walioamua kwamba imani yao itaongoza kazi yao.

Vikundi hivi si vipya, lakini tangu mwaka 2025 vimepata uzito mwingine. Baada ya M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari mwaka huo, benki zilifunga milango. Mwenye akiba benki hakuweza kuigusa. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta noti, wengine walikatwa pesa nyingi walipotoa zao kwenye simu, na noti za franka zilizobaki mjini zilichakaa hadi wauzaji wakaanza kuzikataa. Mwezi wa nne CADECO ilifunguliwa tena chini ya mamlaka ya M23, lakini mji huu wenye watu zaidi ya milioni moja haukupona kwa hilo. Kwa familia nyingi, kikundi cha Jumamosi ndicho kilibaki benki, bima na chumba cha biashara.

Ndiyo sababu nataka tuzungumze juu ya vikundi hivi bila kuficha. Naamini kikundi cha biashara chenye misingi ya kiroho ni kitu chema, na mji huu unakihitaji. Lakini nimeona pia kwamba neno la Mungu likitumiwa kama kifuniko cha hesabu, maskini ndiye analipa.

Mama mdogo wangu ananijua kama mtu wa maswali mengi. Yeye huuza unga wa mahindi. Miaka michache iliyopita aliingia katika kikundi kilichozaliwa kwenye chumba kimoja cha maombi. Kila wiki walichanga, na mtu mmoja, waliyemuita mtumishi, ndiye alishika pesa, ndiye aliandika, na ndiye aliamua nani apewe mkopo. Mwezi wa tisa mama mmoja aliomba daftari lisomwe mbele ya wote. Alijibiwa kwamba anataka kumjaribu Mungu. Wengine walinyamaza kwa aibu. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, sanduku lilikuwa na karatasi za madeni ya watu ambao hakuna aliyewafahamu. Mama mdogo alipoteza dola 340. Kwa mtu mwenye mshahara mkubwa ni pesa ndogo. Kwake ulikuwa mtaji wote, na watoto wawili walifukuzwa shule muhula ule kwa sababu ya minervale.

Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza mapema, alinijibu: "Mwanangu, ungemuuliza namna gani mtu ambaye asubuhi alikuombea mtoto wako mgonjwa?"

Jibu hilo ndilo kiini cha shida. Imani inajenga uaminifu haraka kuliko kitu kingine chochote, na uaminifu ndio mtaji wa kwanza wa mfanyabiashara mdogo. Hapa Goma, kumpeleka mdaiwa kortini kunaweza kugharimu kuliko deni lenyewe. Wengi hawana hati ya kiwanja ya kuweka dhamana, na wale waliokuwa na nyumba, wengine waliipoteza kwa lava ya Nyiragongo mwaka 2002 ao Mei 2021. Mtu kama huyo ana dhamana moja tu, jina lake mbele ya watu wanaosali naye. Hiyo ni nguvu kubwa. Lakini nguvu hiyohiyo inamfunga mdomo anapoona jambo haliendi sawa.

Historia inatuonyesha kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi. Chukua Waquaker wa Uingereza, ndugu wa kiimani wa wale Waquaker tulio nao Kivu ya Kusini. Katika karne ya 17 na ya 18 walikuwa watu wachache, waliotengwa na vyuo vikuu na kazi za serikali, hivyo wengi wakaingia biashara. Mwaka 1690 wafua dhahabu wawili Waquaker wa London, John Freame na Thomas Gould, walianza kazi ambayo baadaye ilikuwa benki ya Barclays. Familia ya Lloyd na ile ya Cadbury huko Birmingham zilitoka katika jumuiya hiyo. Watu waliwaamini kwa sababu dukani mwao bei ilikuwa moja, kwa tajiri na kwa mtoto aliyetumwa na mama yake.

Kuna upande ambao sisi husahau. Mquaker aliyeshindwa kulipa madeni yake hakuachwa hivi hivi kwa kuwa alikuwa mwenye sala. Ndugu zake walitumwa kukagua vitabu vyake vya hesabu. Wakikuta alicheza na pesa za watu, aliweza kuondolewa katika jumuiya. Kwao, hesabu chafu ilikuwa jambo la dhamiri kama dhambi nyingine. Huo ndio ulinzi uliofanya hata mgeni asiyekuwa wa dini yao akubali kuwakabidhi pesa.

Karibu nasi, tuiangalie Butembo. Watafiti walioandika juu ya mji huo wameeleza namna wafanyabiashara Wanande, wengi wao waumini wa makanisa ya Kiprotestanti, walivyojenga biashara kubwa wakati serikali ya Zaire ilikuwa imeanguka. Wakubwa wanane, waliojulikana kama G8, walishirikiana kuleta bidhaa kutoka Asia. Neno la mtu lilitosha kutoa mzigo kwa mkopo, kwa sababu aliyevunja neno alijua hatapata mwingine tena. Sisi wa Goma tumekula na kuvaa matunda ya kazi hiyo. Lakini uaminifu wa namna hiyo una ukuta. Aliye ndani analindwa, aliye nje, wa kabila lingine ao kanisa lingine, anabaki kununua tu. Katika Kivu yetu, ambako watu wameuana kwa sababu ya makabila, kikundi cha biashara kinachofunga mlango kwa misingi hiyo kinaongeza kuni motoni, hata kama kinafunguliwa kwa wimbo.

Na wale wa umri wa wazazi wetu wanakumbuka Bindo Promotion. Kati ya mwaka 1990 na 1991, watu wa Kinshasa walipeleka pesa kwa Bindo wakiahidiwa faida ambayo hakuna biashara halali ingeweza kuleta. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata. Ilipoanguka, waliuza nyumba na magari ili wacheze ndio walilia zaidi. Leo ujanja huo unarudi kwenye simu zetu, mara nyingi ukiwa na salamu za "ndugu katika Bwana". Mtu akikuahidi pesa mara mbili ndani ya mwezi, hata akiwa na Biblia mkononi, muulize anauza nini. Kama hauzi kitu, anakuuza wewe.

Basi kikundi cha imani kiongozwe namna gani? Sidhani tunahitaji kuvumbua. Vikundi vya AVEC, vilivyoenea katika jimbo letu, vinatumia mpango ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Watu 15 hadi 25 wanaojuana, sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu mikononi mwa watu watatu ambao si mweka sanduku. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, mkopo unatolewa mbele ya wote, na baada ya miezi 9 hadi 12 kila mtu anapata sehemu yake. Kuna pia mfuko mdogo wa kusaidiana kwa ugonjwa na kilio. Tofauti na likelemba, ambapo mmoja anabeba mchango wote kwa zamu, hapa pesa zinazaa ndani ya kikundi.

Imani ikiongezwa juu ya mpango huo, inaleta kitu ambacho kufuli haiwezi kuleta: mtu anayelipa hata wakati hakuna wa kumkamata, muuzaji asiyepunguza kipimo cha unga, mama anayemtumia mwenzake mteja badala ya kumsengenya. Lakini naona masharti manne.

La kwanza, kiongozi wa kiroho asiguse pesa. Mchungaji, padri, katekista ao imamu aombe, afundishe, apatanishe, lakini asiwe na ufunguo wala kalamu. Tunamheshimu kiasi kwamba hatuwezi kumuuliza, na pesa zinahitaji mtu anayeweza kuulizwa.

La pili, daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, kwa sababu kati yetu wapo wasiojua kusoma. Kuna watakaosema kuandika kila kitu ni kukosa imani. Wafungue vitabu vyao. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Biblia nayo inachukia mizani ya uongo, na inasimulia jinsi Yeremia alivyonunua shamba kwa hati, mihuri na mashahidi, wakati Yerusalemu ilikuwa imezungukwa na jeshi. Nabii aliandika hati vitani. Sisi ni nani tuseme hali ni ngumu kwa hesabu?

La tatu, msamaha uwe wa wote. Vikundi vingi hufa hapa. Mtu hakulipa kwa sababu mzigo wake uliibiwa barabarani, na kiongozi peke yake anasema, "Tumsamehe." Vema, lakini pesa ni za nani? Deni lililoandikwa linaweza kuongezewa muda, kupunguzwa ao kufutwa kwa kura ya wenye pesa. Deni ambalo halikuandikwa haliwezi kusamehewa. Linasahauliwa na mkopaji, na linakumbukwa usiku na aliyempa. Hivyo hivyo na sadaka. Kikundi kikitaka kutoa sehemu ya faida kwa kanisa, msikiti ao wakimbizi, wapige kura. Chiara Lubich, mwanzilishi wa Wafokolare, alipopendekeza Uchumi wa Ushirika huko Brazil mwaka 1991, aliwaomba wenye kampuni watoe kwa hiari na wagawe faida katika sehemu tatu: maskini, malezi ya watu, na kampuni yenyewe. Hiyo sehemu ya tatu ni muhimu. Biashara isiyobakiwa na kitu haiwezi kutoa sadaka mwaka ujao.

La nne, mlango uwe wazi. Misingi iandikwe: usidanganye kipimo, lipa kwa wakati, usiuze kilichoibiwa, msaidie aliyeanguka. Muislamu, Mkatoliki, Mprotestanti na Mkimbangu wote wanaweza kuweka sahihi chini ya maneno hayo. Anayekubali misingi aingie, hata kama hasali mnaposali.

Najua pingamizi moja ambalo ni zito kuliko hayo yote. Katika mji ambako majambazi huingia nyumbani usiku, kutangaza kwamba sanduku lina pesa ni kujitafutia kifo. Ni kweli. Uwazi ni wa wanamemba, jirani hahusiki. Vikundi vyenye akili hubadilisha mahali pa mkutano, na huhakikisha kwamba pesa karibu zote zimetoka kwa mikopo siku ileile, ili usiku sanduku lilale na daftari tu. Mwizi hana kazi na daftari.

Mama mdogo alikaa mwaka mzima bila kusikia habari za kikundi. Sasa amerudi, katika kikundi kingine cha watu kumi na nane. Wanafungua kwa sala, zamu kwa zamu, kila mtu kwa namna ya dini yake. Ufunguo mmoja anao mama Muislamu anayeuza vitenge, wa pili fundi wa pikipiki ambaye ni Mkatoliki. Wa tatu anao yeye.

Nilimuuliza kama hawamwamini mweka sanduku wao.

"Tunamwamini," alisema. "Ndiyo maana hatutaki kumwachia peke yake."