Mita Bendi Imerudi Sebuleni: Kiswahili na Vifaa Vinavyokataa Mtandao

Wapo Wakenya wengi waliolelewa na sauti ya redio. Jioni ilipoingia, mzee wa boma alikizungusha kitufe taratibu, akapita katikati ya mivumo na miluzi hadi sauti ya mtangazaji kutoka London au Cologne ikasikika. Mtangazaji naye hakuwa mchoyo wa maelezo. Alitaja kwamba matangazo yanasikika katika masafa mafupi, mita bendi ya 31 au ya 49, kisha akaendelea na habari. Mzee hakuwa mhandisi, na yamkini hakuketi darasani kwa miaka mingi. Hata hivyo, alijua kwamba redio yake ilikuwa na bendi kadhaa, kwamba stesheni iliyo katika bendi moja haitafutwi katika nyingine, na kwamba bendi inayosikika vyema mchana huenda ikafifia usiku. Maarifa hayo aliyapata kwa Kiswahili.

Kumbukumbu hii yafaa kurejelewa leo, maadamu mita bendi imerudi sebuleni kwa mlango wa nyuma. Taa zinazowashwa kwa simu, soketi zinazozimwa na mtu aliye kazini, kamera za lango na kengele za mlango zimekuwa bidhaa za kawaida madukani. Nyingi miongoni mwazo, hasa zile za bei nafuu, husikia Wi-Fi katika bendi ya gigahezi 2.4 pekee. Ruta za kisasa nazo hutangaza katika bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na aghalabu huzipa zote jina moja. Simu ya mwenye nyumba hujichagulia bendi yenye kasi zaidi, yaani ya 5. Anapotaka kuiunganisha taa, programu humtaka awe katika bendi ya 2.4, ila sharti hilo limeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa kisanduku alichokwisha kukitupa. Matokeo yake ni taa inayomemeteka pasi na kuunganika. (Kuipa taa ya namna hii sifa ya "janja" ni ukarimu wa kupindukia. Mjanja wa Kiswahili hashindwi kusikia mtu aliye hatua mbili kutoka alipo.)

Hapo ndipo fundi huitwa. Mfikirie mwalimu mstaafu aliyenunua kamera ya lango baada ya jirani yake kuibiwa. Amejaribu mara nne, na mara nne programu imemjibu kwa Kiingereza kwamba imeshindwa, ajaribu tena. Kijana anafika, anaitazama simu, kisha anatoa hukumu: "Mwalimu, hii kamera yako haitaki 5G." Mwalimu anashangaa, kwa kuwa hajawahi kununua simu ya 5G wala kuitamani. Fundi haelezi. Anaomba nywila ya mtandao, anaiandika katika simu yake mwenyewe, anafungua akaunti kwa jina lake "ili kazi iende haraka," na baada ya nusu saa lango linaonekana kiooni. Mwalimu analipa na kushukuru. Lakini kwa kamera nyingi za aina hii, mwenye akaunti iliyotumiwa kuziunganisha ndiye mmiliki machoni pa mfumo. Wengine wote ni wageni walioalikwa. Lango la mwalimu, basi, limepata mlinzi asiyeajiriwa, anayeweza kuona nani ametoka, saa ngapi, na ni lini nyumba imebaki tupu. Huenda fundi huyo ni mwaminifu kabisa. Hata hivyo, mwalimu ameyakabidhi macho ya nyumba yake kwa mtu mwingine kwa kukosa maelezo ya sentensi mbili.

Kauli ya fundi inastahili kuchambuliwa, maana kosa lake ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi. Katika 5G ya kampuni za simu, herufi G yatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kizazi. Hiki ni kizazi cha tano cha mitandao ya simu za mkononi, kilichozinduliwa kibiashara nchini Kenya mwaka 2022. Katika ruta, G ni giga, yaani bilioni: mawimbi yanayotetemeka takriban mara bilioni tano kwa sekunde. Watengenezaji wa ruta wameuzidisha mkanganyiko kwa kuubandika mkia wa "5G" kwenye jina la mtandao wa bendi ya pili. Anayesoma Kiingereza cha kwenye kisanduku huona herufi ile ile moja. Anayeelezwa kwa Kiswahili husikia maneno mawili yasiyofanana hata chembe: kizazi na masafa. Wale wanaodai kwamba Kiswahili huifanya sayansi kuwa ngumu wangefaa kuutafakari mfano huu, kwa sababu hapa lugha inayotatanisha ni ile inayosifiwa kwa uwazi.

Isitoshe, istilahi ya zamani ingali na nguvu. Mita bendi ya 31 iliitwa hivyo kwa kuwa wimbi lake lina urefu wa mita 31 hivi. Kwa hesabu iyo hiyo, wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, na la gigahezi 5 lina urefu wa takriban sentimita 6. Mtangazaji wa enzi zile angesema "sentimita bendi ya 12" na msikilizaji wake asingeshtuka. Wimbi refu hupenya ukuta vyema zaidi, jambo lisilo dogo katika nyumba za mawe ya kuchongwa, sembuse zile za Mji wa Kale wa Mombasa zenye kuta nene za mawe ya matumbawe. Kwa hiyo watengenezaji hawakukosea kuichagua bendi ya 2.4: inafika mbali, kifaa chenye redio ya bendi moja hugharimu kidogo, na taa haihitaji kasi kubwa ili iambiwe iwake au izime. Bendi hiyo ina msongamano, ni kweli, hasa katika majengo ya ghorofa ambako kila mpangaji ana ruta yake. Hiyo ndiyo sababu simu huikimbia.

Swali linalobaki ni kwa nini mwalimu hakuambiwa haya. Lawama haiwezi kuwekewa watengenezaji peke yao. Wasomi wa Kiswahili wamekesha wakijadili iwapo chombo kile ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na mjadala huo una manufaa yake. Juhudi kubwa zaidi zimewahi kufanyika pia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Lakini istilahi bila maelezo ni funguo zisizo na milango. Faharasa inaweza kumpa mwalimu neno "masafa" na bado asijue kwa nini kamera yake haiunganiki. Anachokihitaji ni nathari: aya moja iliyoandikwa na mtu anayeijua lugha na aliyewahi kuihangaikia taa kwa mikono yake.

Yupo atakayepinga kwamba wanunuzi wa vifaa hivi wanakijua Kiingereza. Wanakijua, na bado wanamwita fundi. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 haikuweka sharti hilo. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ukimya wa kisanduku unakuwa vigumu kutetewa.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na ukurasa mmoja, unaobandikwa dukani karibu na bidhaa hizi. Ukurasa huo ungemweleza mwalimu kwamba ruta yake ina bendi mbili na kamera inasikia moja. Ungemwonyesha namna ya kuingia katika mipangilio ya ruta na kuzipa bendi hizo majina tofauti, au kufungua mtandao wa wageni katika bendi ya 2.4 pekee. Ungemwambia aiunganishe simu na bendi hiyo kwanza, kisha aanze kazi, na kwamba akimaliza anaweza kuirudisha simu katika bendi ya 5 bila kuidhuru kamera. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, ungemwagiza afungue akaunti katika simu yake mwenyewe, hata kama ni fundi anayembonyezea.