Amekomaa au amechoka?

Wiki mbili zilizopita wifi yangu alinipigia simu saa nne usiku. "Wifi, wewe unaandika mambo ya afya. Hebu niambie, kaka yako anaumwa?"

Kaka yangu anatengeneza programu za kompyuta, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 10. Zamani zana mpya ya kazi yao ikitoka, alikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Alikesha akiijaribu, asubuhi anatusimulia hadi chai inapoa. Siku hizi wenzake wakimtumia habari ya toleo jipya, anasoma kichwa cha habari, anaweka simu kando na kuendelea kula.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilikwenda kumuuliza kwa nini kwake si kinyemi tena.

Akanihesabia. React ilipotoka mwaka 2013, alijifunza. Alipokuwa ameizoea Angular, mwaka 2016 likaja toleo la pili lililoandikwa upya kabisa, akaanza tena. Matoleo ya Java, yaliyokuwa yakisubiriwa kwa miaka, tangu 2018 hutoka kila baada ya miezi 6. Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na zana za akili mnemba za kuandikia programu zikafuatana bila kupumua.

"Mdogo wangu, kila moja inaahidi kunirahisishia kazi," alisema. "Lakini saa za kujifunza hakuna anayenipa. Nazitoa kwenye usingizi na kwa watoto."

Hapo habari ya kompyuta ikawa habari ya afya.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza uchovu mkubwa utokanao na kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayoletwa na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kuona ufanisi wako umeshuka.

Hata hivyo, si kila asiyesisimka amechoka. Fundi cherehani mzoefu hakimbilii kila cherehani mpya. Anauliza itamsaidia nini, na akiridhika anaichukua. Huyo amekomaa. Hana haraka na zana, lakini nguo ikimkaa mteja vizuri bado anatabasamu. Aliyechoka hafurahii hata kazi ya mikono yake.

Nikamuuliza kaka ni lini alifurahia kazi mara ya mwisho. Akanisimulia programu aliyolitengenezea duka moja la dawa, uso ukachangamka. Kisha akanyamaza. "Hiyo ilikuwa mwaka juzi."

Kama una mtu wa namna hii nyumbani, usimtanie kwamba amezeeka. Muulize swali nililomuuliza kaka. Msaidie kuchagua zana moja tu ya kujifunza kwa sasa, nyingine zipite; iliyo na manufaa ataikuta. Mshauri azungumze na mkuu wake ili kujifunza kuwe ndani ya saa za kazi. Na kama kwa wiki mbili au zaidi amekosa raha karibu kila siku, halali vizuri au anasema hana tumaini, mpeleke kwa daktari. Huenda ni sonona, nayo inatibika. Akizungumzia kujidhuru, usisubiri hata siku moja.

Kaka na wifi wamekubaliana kompyuta ifungwe saa mbili usiku. Juzi wifi alinipigia tena, safari hii akicheka.

"Wifi, jana kalala saa tatu. Nikamgusa paji la uso, nikadhani ana homa."